Ndugu Watatu Wasiopata Kitu

Marehemu ameacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na binti mmoja. Kilichobaki baada ya mazishi, madeni na wasia ni minazi 72, yote inazaa na yote ni ya thamani moja. Kila mrithi apate mingapi?

Anayeijua njia huanza hivi. Marehemu ana watoto, basi mke ana thumni, yaani moja katika nane, na mama ana sudusi, moja katika sita. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Nane na sita hukutana kwenye 24: mke 3, mama 4, zinabaki 17. Watoto wanahitaji mafungu matatu, mawili ya kijana na moja la binti, na 17 haigawiki kwa tatu bila ya kuvunjika. Kwa hiyo 24 huzidishwa kwa 3, na asili ya suala, yaani jumla ya mafungu, inakuwa 72. Mke anachukua minazi 9, mama 12, kijana 34, binti 17. Jumlisha: hakuna mnazi uliozidi wala uliopungua.

Msomaji aliyeikimbia hesabu tangu skuli asiniache hapa. Kisa chote kimo ndani ya njia hii, na sina namna ya kukisimulia bila yake.

Faraidh, elimu ya kugawa mirathi, Unguja haikuwahi kuwa elimu ya kuwekwa kabatini. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyefariki 1925, alikuwa na madrasa yake Ukutani, ndani ya Mji Mkongwe. Sayyid Ahmad bin Sumait, kadhi mashuhuri wa zama hizo, alifariki mwaka huo huo. Katika usomi wa Kishafi ambao wawili hao walikuwa nguzo zake hapa kwetu, hukumu za mirathi hushikwa kwa moyo, na matini moja maarufu ya kuzishikia ni Rahbiyya, shairi la karne ya 12. Ila shairi hukupa hukumu tu. Halikwambii ni hukumu ipi uitumie pale mbele yako wanapokaa mjane, bibi kizee na ndugu wa kambo. Kwa hilo mwanafunzi hupewa masuala yaliyokwisha kufanywa, moja baada ya jingine, jibu na njia yake. Ufundishaji wa namna hii ni mkongwe: al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu cha al-jabr kinachotajwa hadi leo, alijaza sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi, kila moja likiwa limefanywa mpaka mwisho.

Na bado ni elimu ya kila siku. Mahakama za Kadhi, zinazofanya kazi sasa chini ya sheria ya 2017, zinasikiliza mirathi. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inagawa mali za marehemu. Na asiyeamini kuwa kuchelewa kugawa kuna gharama, apite vichochoro vya Mji Mkongwe azitizame nyumba za urithi ambazo kila mrithi anangoja mwenziwe atie chokaa.

Kijana wa kisa hiki hana jina. Nimemtunga, yeye na Maalim wake na familia ya Bumbwini, ili kosa lionekane vizuri. Kosa lenyewe sikulitunga. Ni mtego ambao walimu wa faraidh huwaonya wanafunzi wao nao tangu zamani.

Darsa ilikuwa baina ya Magharibi na Isha, katika msikiti mmoja wa mjini. Maalim alikuwa na mtindo wake. Suala la kwanza la usiku alilifanya lote ubaoni. La pili alilifanya akaacha mstari wa mwisho. La tatu aliacha mistari miwili, na kabla ya Isha kuadhiniwa wanafunzi walikuwa wanaanza wenyewe na ubao mtupu. Kila mstari aliouandika aliuwekea swali kwa mdomo. Mke kapata thumni. Kwa nini si robo? Huyu ammi yake marehemu tumemwacha, nani kamzuia? Binti huyu angekuwa peke yake, bila ya kaka yake, angechukua nini?

Kijana wetu alikuwa na mwandiko mzuri. Daftari lake lilipigwa mistari kwa rula, hukumu kwa wino mwekundu, majibu kwa buluu. Jambo lililomkera ni ile mistari iliyoachwa wazi, kwa kuwa iliharibu ukurasa. Basi alikuwa anamwinamia jirani yake, ananakili mstari uliokosekana, na daftari linarudi kuwa zima. Maswali ya Maalim hayakuwamo daftarini hata moja. Hayakuwa ubaoni, na yeye aliandika kilicho ubaoni.

Akiulizwa kwa nini, hujibu, "Ndivyo ilivyo hukumu, Maalim." Si jibu baya. Hukumu kweli ndivyo ilivyo. Maalim huitikia kwa kichwa na kwenda kwa mwingine, na hapo, kwa maoni yangu, Maalim naye aliteleza: aliona daftari limejaa akadhani na kichwa kimejaa.

Sina ugomvi na mfano wenye njia. Kuna watu, wengi wao wakiwa ni walimu wakali, wanaoamini kuwa mwanafunzi hajifunzi mpaka atoe jasho: mpe swali, mwache ahangaike, akishindwa mpe jingine. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper, wa Chuo Kikuu cha New South Wales huko Australia, walichapisha matokeo ya majaribio ya aljebra yaliyowapinga watu hao. Kundi moja la wanafunzi lilipewa maswali tu. Jingine lilipewa mfano uliofanywa, kisha swali linalofanana nao, kisha mfano mwingine. Kundi la mifano lilitumia muda mchache na lilifanya makosa machache zaidi lilipopimwa kwa maswali ya aina ile ile. Maelezo ya Sweller ni mepesi kuyaelewa: anayehangaika kulitafuta jibu akili yake yote imo katika kutafuta, hana nafasi ya kuona swali limeumbwaje. Mfano humpunguzia mzigo huo.

Lakini katika majaribio yale yale, swali lilipobadilishwa umbo, faida haikuonekana. Miaka minne baadaye, 1989, Michelene Chi na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wachache waliokuwa wakisoma mifano ya fizikia iliyofanywa tayari, huku wakisema kwa sauti yanayowapitia kichwani. Waliokuja kufaulu vizuri walikuwa wakijieleza kila hatua: imetoka wapi, ingekuwaje kama sharti hili lisingekuwapo; na walijua wapi hawajaelewa. Waliokuja kufanya vibaya walisoma, wakaridhika kuwa wameelewa, kisha walipopewa maswali wakawa wanarudi kwenye mfano kutafuta mstari wa kunakili. Ukimtoa yule kijana msikitini na daftari lake ukampeleka kwenye chumba cha uchunguzi huo, hapana shaka angekaa upande gani.

Watoto wa skuli wanamjua kijana huyu bila ya kuwahi kumwona. Ndiye anayekusanya pasti pepa za miaka kumi na majibu yake, akazikariri, akaingia kwenye mtihani akitafuta swali analolifahamu sura.

Turudi kwake. Jina lake lilianza kwenda. Jioni akipita Jaws Corner, penye kahawa na dumna, wazee walimrushia masuala kwa mzaha naye aliyajibu kabla kikombe hakijapoa. Mke na watoto? Thumni. Mume na hakuna mtoto? Nusu. Wengi walianza kumwita Maalim, naye hakuwakatalia.

Siku moja watu wa Bumbwini walimjia. Kijana wao alikuwa amefariki, hajaoa, hana mtoto. Ameacha baba, mama na ndugu watatu wa kiume, wote wa baba mmoja na mama mmoja. Mali yake ni minazi 36 aliyoinunua kwa jasho lake. Ardhi ya visiwa hivi ni mali ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, lakini mnazi una mwenyewe, na minazi huuzwa, hurithiwa na kugombewa. Kitu kimoja cha kuzingatia: baba na mama walikwisha kuachana zamani. Mama amebaki Bumbwini akiwalea wale vijana. Baba amehamia Bububu, ana mke mwingine. Kwa hiyo mnazi utakaokwenda kwa huyu hautarudi kwa yule kupitia jikoni.

Wangeweza kwenda kwa kadhi. Wangeweza kwenda Kamisheni. Walikwenda kwa aliyekuwa karibu, na haraka ya aina hii nimeizoea mno hata siwezi kuilaumu.

Kijana alifungua daftari. Na hapa ndipo ninapotaka msomaji awe makini, kwa sababu alichokiona kilikuwa ni sahihi kabisa. Katika ukurasa mmoja palikuwa na suala hili, limefanywa na Maalim mwenyewe: mtu ameacha baba, mama na ndugu mmoja. Njia ilikuwa mistari minne. Ndugu amezuiwa na baba, hapati kitu. Mama ana theluthi, kwa kuwa marehemu hana mtoto. Kinachobaki ni cha baba. Asili ya suala ni 3: mama 1, baba 2.

Alilinganisha. Baba yupo, mama yupo, mtoto hayupo, ndugu wapo nao wamezuiwa. Mmoja au watatu, wote si hawapati kitu? Akawafuta wale watatu, akagawa 36 kwa 3. Mama minazi 12, baba 24. Akaandika kwenye karatasi kwa wino wa rangi mbili. Yule mama alimshukuru, akamwita Maalim, akamwombea dua ndefu.

Lakini hukumu ina sharti jingine ambalo mfano wa ndugu mmoja hauwezi kulionyesha. Mama hupata theluthi ikiwa marehemu hana mtoto na pia hana ndugu wawili au zaidi. Wakiwa wawili, wa kiume au wa kike, theluthi ya mama inashuka kuwa sudusi. Na inashuka hata kama ndugu hao wenyewe wamezuiwa na baba na hawaondoki na hata kifuu. Kwa hiyo asili ya suala la Bumbwini ni 6: mama 1, baba 5. Katika minazi 36, mama 6, baba 30.

Maalim alisema kuwa ndugu hapati kitu. Kijana alielewa kuwa ndugu hayupo. Katika mfano ule, na katika mifano yote ya nyuma yake, tafauti ya maneno haya mawili haikuwa na kazi yoyote: ukimfuta ndugu mmoja mwanzoni au mwishoni, jibu ni lile lile. Mazoea yale hayakuwahi kumwadhibu, basi aliyachukua kuwa ni kanuni. Mfano mmoja, hata ukiwa umefanywa na mwanachuoni, haukwambii ni kitu gani ndani yake kimebeba jibu na ni kipi kimesimama tu pembeni. Hilo huonekana unapouweka ubavuni kwa mfano mwingine uliotafautiana nao kwa kitu kimoja.

Na mfano huo mwingine alikuwa nao. Ulikuwa ukurasa unaofuata. Baba, mama na ndugu wawili. Mama 1, baba 5. Usiku ule Maalim aliacha mistari miwili wazi, naye aliinakili kwa jirani. Aliona jibu halifanani na la juu yake, akadhani ni mlango mwingine wa fani, akapiga mstari kwa rula na kuendelea.

Wanavyuoni wa mirathi walilijua hili, ndiyo maana baadhi ya masuala waliyapa majina ili yasipotee katika kundi. Maarufu kuliko yote pengine ni Minbariyya. Mtu ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Aliyekariri mfano wetu wa kwanza atarukia 24: mke 3, mama 4, baba 4 na mabinti theluthi mbili, yaani 16. Ajumlishe. Ni 27. Mafungu yamezidi mali. Yasimuliwa kuwa Ali bin Abi Talib aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari, akalijibu papo hapo bila ya kukata hotuba: thumni ya yule mke imegeuka kuwa moja katika tisa. Maana yake 27 ndiyo inayokuwa asili, kila mmoja akapunguka kwa kadiri yake, na 3 katika 27 ni moja katika tisa. Hali hii huitwa aul. Ukitafuta ndani ya mfano wa minazi 72 kitu cha kukutayarisha kwa suala hili, hukioni, maana pale mtoto wa kiume alichukua kilichobaki, na kilichobaki hakiwezi kuzidi mali. Kumbe kijana yule wa mfano ndiye aliyekuwa akiilinda 24 muda wote. Mwondoe, weka mabinti na baba, uone.

Turudi Bumbwini. Mama aliuza minazi sita katika ile kumi na mbili. Nyumba ilikuwa ya makuti na masika yalikuwa yamekaribia. Alinunua bati na misumari, akamlipa fundi. Baba hakusema neno. Yeye alipewa 24, na kwa mtu asiyejua kitu 24 ni nyingi. Baada ya muda akataka kuandikisha sehemu yake kisheria, akenda kwa kadhi na karatasi ya wino wa rangi mbili.

Kadhi aliisoma, akauliza swali moja: "Marehemu alikuwa na ndugu wangapi?"

Hesabu ikarudiwa. Haki ya mama ni minazi sita. Sita amekwisha kuiuza. Sita iliyobaki mikononi mwake, ile aliyokuwa akiitegemea kwa nazi za kuuza, ni ya mtalaka wake. Amebaki na paa na hana mnazi. Alipoelezwa sababu hakuelewa, na mimi simlaumu kwa hilo. Wanawe watatu, aliowazaa na kuwalea peke yake, hawakupewa hata mnazi mmoja; vipi basi wao ndio wawe wamempunguzia sita? Baadhi ya wanavyuoni walieleza hekima ya hukumu hii, kwamba baba ndiye mwenye mzigo wa kuwalisha na kuwaoza ndugu hao. Ni maelezo mazuri. Ila mtu huweza kuyapokea siku ya kwanza, akiwa bado hajashika kitu. Kumpa mtu kumi na mbili, ukamwacha azifanyie mipango, kisha ukaja kumwambia kuwa zilikuwa sita, hakuna hekima ya kulitia dawa jambo hilo, na aliyelisababisha ni kijana aliyekuwa na jibu sahihi katika ukurasa unaofuata.

Alirudi kwa Maalim akiwa amefunga mdomo. Maalim hakumkemea. Alimwambia afungue kurasa mbili zile, azisome mstari kwa mstari, na kila mstari aseme ungekuwaje lau ndugu wangeongezeka mmoja. Mstari wa kwanza: amezuiwa, wamezuiwa, hakuna kilichobadilika. Wa pili akakwama. Alikaa hapo mpaka Isha ikaadhiniwa.

Usiku uliofuata alipewa kazi ya kinyume. Atunge yeye masuala: alibadilishe la Bumbwini kwa kitu kimoja na jibu lisibadilike, kisha kwa kitu kimoja na jibu libadilike. La kwanza alilipata upesi, akaweka dada wawili mahali pa ndugu watatu. Mama bado ana sudusi, baba bado ana tano. La pili alimwondoa baba. Mara wale watatu waliofutwa wakasimama, wakachukua wao mafungu matano, na asili ikabidi ipandishwe hadi 18 ili kila mmoja apate tano zake na mama 3. Alilifanya mara mbili kabla ya kuliamini. Hakuinamia daftari la mtu.

Maalim naye alibadilisha kitu. Alikuwa akikagua madaftari kwa kuyatazama kama yamejaa, akaacha. Sasa mara moja kwa wiki anaandika ubaoni suala lililofanywa lote, njia na jibu, na ndani yake mstari mmoja ni wa uongo. Wanafunzi wautafute na waseme umeharibika kwa sababu gani. Suala la minazi 36 ni mojawapo, limeandikwa kama lilivyogawiwa Bumbwini: baba, mama, ndugu watatu, mama 12, baba 24. Hataji liligawiwa na nani. Wapo wanaoliangalia, wakajumlisha, wakakuta 36, wakasema halina kosa.